Kubadilisha injini mbili za dizeli kwenye boti kongwe ya uvuvi: mwongozo kamili kwa wenye boti wa Kigoma

Mwenye boti akishachoka kuongeza oili kila safari na kuacha wingu jeusi nyuma yake kila anapotoka ghuba ya Kigoma, swali lake la kwanza huwa: nani anauza injini? Hapo hapo pesa inaanza kupotea. Injini ya boti haichaguliwi dukani. Unaanzia nyuma kabisa, kwenye propela, unapanda na shafti hadi gia boksi, unafika kwenye boriti ambazo injini italalia, na injini yenyewe inakuja mwisho, ikiwa jibu la hesabu uliyokwisha kuifanya. Anayeanzia kwenye injini huishia kuchonga boti nzima ili ikubaliane na kitu alichonunua kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Maelezo haya ni ya boti za faibaglasi za futi 28 hadi 38, zenye injini mbili za ndani na shafti mbili, zilizojengwa kwa uvuvi wa michezo: nyuma staha pana ya wavuvi, mbele kibanda, chini ya sakafu injini mbili zilizobanana. Nyingi za aina hii ziliundwa Marekani na Ulaya kati ya miaka ya 1960 na 1980. Huku Ziwa Tanganyika kazi yake ni mchanganyiko: wageni wanaofukuzia kuhe na sangara, safari za Gombe, na mara mojamoja Mahale.

Kazi yenyewe si ngeni Kigoma. MV Liemba, iliyoshushwa majini hapa mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ilikuwa meli ya mvuke. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nene ili isile kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mvuke ulitolewa miaka ya 1970, ikafungwa dizeli. Bodi ikiwa nzima, injini ni kitu cha kubadilishwa. Basi tuanze na bodi.

Gonga kabla ya kununua

Pandisha boti nchi kavu, chukua nyundo ya plastiki, na uigonge kidogo kidogo sikio likiwa karibu. Faibaglasi nzima hutoa mlio mkavu. Iliyolowa ndani au iliyoachana matabaka hutoa mlio mzito, uliokufa. Sehemu za kuamua ni boriti za injini, ubao wa tezi (nyuma kabisa ya boti), na sakafu iliyo juu ya matangi.

Boriti ndizo zinazoficha siri. Katika boti za umri huu, mara nyingi ni mbao zilizovikwa faibaglasi, na maji huingia kupitia matundu ya bolti za injini, yakakaa humo miaka. Toboa tundu la milimita 6 ubavuni mwa boriti. Unga ukitoka mkavu, wenye rangi ya mbao, songa mbele. Ukitoka tope jeusi, jua kwamba pesa ya injini imekuwa pesa ya boriti kwanza. Boriti na tezi vyote vikiwa vimeoza, ushauri wangu ni kuuza kilichopo na kutafuta bodi nyingine. Injini mpya juu ya mbao iliyooza haitakaa kwenye mstari hata msimu mmoja.

Jiulize pia kama kweli unahitaji injini nyingine. Kama vipuri vya ulizonazo bado vinapatikana, na uzito wake haukusumbui, ovahoo safi (kuifungua yote na kubadilisha vilivyochakaa) itakugharimu kidogo zaidi na hutagusa gia wala shafti. Kubadilisha kunaleta maana pale vipuri vimekwisha sokoni, au unywaji wa mafuta unakula faida yote ya safari.

Pima yote wakati boti bado inatembea

Hatua hii wengi wanairuka, na haina gharama. Jaza matangi na vifaa vya kawaida, chagua asubuhi ambayo ziwa limetulia, kisha pima kwa futi kamba kutoka ukingo wa staha hadi usawa wa maji kwenye pembe nne za boti. Andika. Vipimo hivi vinne ndivyo vitakavyokwambia baadaye kama boti imekaa sawa au imeinua tezi.

Toka nje ya ghuba, kanyaga hadi mwisho, soma mwendo kwenye simu yenye GPS na mizunguko ya injini kwa dakika. Rudi njia hiyo hiyo usome tena, uchukue wastani, ili upepo usikudanganye. Ukirudi, soma kibati cha gia boksi upate uwiano wake, na boti ikiwa juu soma namba zilizogongwa kwenye kitovu cha propela. Ukikuta 20 x 18, kipenyo ni inchi 20, na pichi ni inchi 18, yaani umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Pima unene wa shafti, nafasi kati ya ncha ya propela na tumbo la boti, upana kati ya boriti, mlalo wa shafti, na ukubwa wa mlango wa sakafu ambao injini itapitia.

Hesabu

Kwa boti inayopaa juu ya maji kuna kanuni ya makadirio ambayo wabunifu wa boti wameitumia kwa miongo mingi. Gawa uzito wa boti iliyopakiwa, kwa kilo, kwa jumla ya hospawa zinazotumika. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kisha gawa 185 kwa hicho kipeuo. Unapata kilomita kwa saa, kwa kukadiria.

Tuchukue boti ya kilo 6,000. Unataka mwendo wa safari wa kilomita 37 kwa saa. Ukitumia hospawa 240: 6,000 gawa kwa 240 ni 25, kipeuo chake ni 5, na 185 gawa kwa 5 ni 37. Sawasawa. Lakini dizeli haikai kwenye nguvu yake yote siku nzima. Mwendo wa safari utumie karibu asilimia 70 ya nguvu hiyo. Kwa hiyo 240 gawa kwa 0.7 ni kama 340, yaani injini mbili za hospawa 170. Ukizikanyaga zote utafika kama kilomita 44 kwa saa, ingawa hutakuwa na sababu ya kufanya hivyo kila siku.

Mafuta yanafuata hapo hapo. Dizeli hunywa takriban lita 0.2 kwa kila hospawa inayotumika kwa saa. Hospawa 240 ni lita 48 kwa saa, injini zote mbili. Mahale iko kama kilomita 130 kusini. Kwa mwendo huo ni saa tatu na nusu, karibu lita 170 kwenda tu. Zidisha kwa mbili, ongeza theluthi ya akiba, kisha uangalie kama tangi lako linatosha. Mtu anayefikiria injini mbili za 300 kwa sababu jirani anazo, afanye hesabu hii kwanza kwa bei ya dizeli ya Kigoma.

Sasa propela. Injini inazunguka 2,600 kwa dakika na gia ni 1.5 kwa 1, kwa hiyo shafti inazunguka 1,733. Propela za boti kama hizi huteleza kama asilimia 20, kwa hiyo ili boti iende 44, propela "iende" 55. Kilomita 55 kwa saa ni mita 917 kwa dakika. Gawa kwa 1,733 unapata mita 0.53, yaani pichi ya inchi 21. Gia ikiwa 2 kwa 1, shafti inazunguka 1,300 na pichi inapanda hadi karibu inchi 28. Propela kubwa inayozunguka polepole husukuma vizuri zaidi boti nzito, lakini lazima ipate nafasi. Acha angalau asilimia 15 ya kipenyo kati ya ncha na tumbo la boti; kwa propela ya inchi 20 hiyo ni inchi 3. Ukibana zaidi ya hapo sakafu itatetemeka mpaka vikombe vicheze.

Angalia na shafti. Ukitoka gia ya 1.5 kwenda ya 2 kwa injini ile ile, nguvu ya kusokota shafti inapanda kwa theluthi nzima, na unene wa shafti unatakiwa kuongezeka kwa karibu asilimia 10. Wengi wanabadili gia na kuacha shafti ya zamani. Inakatika. Na huku kwetu haikatikii mahali pazuri: ziwa lina kina cha hadi mita 1,470, na sehemu nyingi chini inatoweka ghafla ukiacha ufukwe, kwa hiyo nanga haikusaidii.

Kipenyo kamili cha propela mwachie muuza propela. Mpe uzito, hospawa, mizunguko, uwiano wa gia, unene wa shafti na nafasi iliyopo. Akikupa jibu bila kuuliza uzito, tafuta mwingine.

Injini ipi

Mimi naegemea upande wa pampu ya dizeli ya kimakanika, na sababu ni mahali tulipo. Injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta hazina moshi, hazipigi kelele, na hunywa kwa adabu. Lakini mfumo wake husukuma dizeli kwa shinikizo la bar 1,600 hadi 2,000, na tone la maji au uchafu wa dumu likifika kwenye nozeli, umekwisha. Zaidi ya hapo, ikigoma inahitaji mtu mwenye kompyuta na programu ya kiwanda. Wageni wakiwa Mahale wanasubiri kurudi, mtu huyo yuko Dar es Salaam. Pampu ya kimakanika fundi wetu ataifungua, ataielewa, na ikibidi atakuleta nyumbani nayo ikikohoa.

Mfano mzuri ni familia ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita. Injini hiyo hiyo imefungwa kwenye malori, mabasi na majenereta dunia nzima, kwa hiyo pistoni, ringi na beringi zake ukizitafuta Gerezani au Kariakoo huendi mbali. Vya kwenye lori havikusaidii upande wa maji, hata hivyo. Kipoza joto, bomba la moshi linalopozwa na maji na pampu ya maji ya ziwa ni vya boti peke yake. Viagize pamoja na injini, na vya akiba juu yake.

Sasa lile swali linaloulizwa kila siku: je, nifunge injini ya Fuso? Kwenye boti ya mbao inayotembea polepole watu wamefunga na zinafanya kazi. Kwenye boti ya faibaglasi yenye injini zilizofungiwa chini ya sakafu nasema hapana. Bomba la moshi la lori huwaka joto bila maji ya kulipoza, nalo likikaa sentimita chache kutoka kwenye resini (gundi ya faibaglasi) unatengeneza moto. Karta ya oili ya lori pia imeundwa kukaa sawa, wakati injini ya boti hulala kwa kuinama nyuma saa zote. Oili inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa.

Mwinuko nao una sehemu yake. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo injini iliyoandikwa 120 hapa itakupa kama 111. Yenye turbo haisikii sana. Ongeza hilo kwenye hesabu yako.

Uzito utakushangaza. Detroit Diesel 6-71, injini iliyojaa kwenye boti za zamani za aina hii, ni tani moja na zaidi. Ile Cummins ni karibu nusu tani bila gia. Zikitoka mbili na kuingia mbili, boti inapungua karibu tani nzima sehemu ya kati na nyuma. Itapanda majini, na mlalo wake utabadilika. Usirudishe uzito kwa mifuko ya mchanga. Sogeza betri, au tangi la maji, mpaka vile vipimo vinne vya mwanzo vikaribiane.

Kama unanunua zilizotumika, zikute zikiwa baridi. Gusa kwa mkono kabla muuzaji hajawasha. Injini ya vuguvugu imeandaliwa kwa ajili yako. Ikishawaka fungua mfuniko wa oili: hewa ikipuliza kwa nguvu, ringi zimechoka. Iliyotoka baharini ifunguliwe kipoza joto uone chumvi imekula kiasi gani. Nunua jozi inayofanana, ikiwa na gia boksi zake, waya zake, dashibodi na maunti zake (miguu ya mpira inayobeba injini). Na uulize jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji: propela za boti ya injini mbili huzunguka pande tofauti. Baadhi ya injini za zamani zilitengenezwa zikizunguka kulia na nyingine kushoto. Za sasa karibu zote huzunguka upande mmoja, na kugeuza ni kazi ya gia boksi. Si kila gia boksi inaruhusiwa kusukuma boti siku nzima kwa upande wa kinyume. Pata uthibitisho wa maandishi.

Karatasi na njia ya kufika

Ongea na ofisi ya TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, kabla ya kufungua nati ya kwanza, siyo baada. Injini za aina nyingine zinabadilisha kilichoandikwa kwenye nyaraka za chombo, na mkaguzi atakayeona kazi ikiendelea ni rafiki kuliko yule atakayeiona imefunikwa. Zinazotoka nje zitapita bandari ya Dar es Salaam. Kutoka hapo una barabara au Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914 na ina zaidi ya kilomita 1,200. Kwa njia yoyote, injini ifungwe kwenye fremu ya mbao kwa bolti za maunti, matundu yote yazibwe, turubai juu. Kamba peke yake haitoshi.

Wakati na mahali

Resini haipendi mvua. Kazi ya boriti na sakafu ifanyike kiangazi, na kwa boti ya uvuvi kuna sababu ya pili: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Chombo kikikaa bure ndipo kinapofunguliwa. Anayeishi kwa watalii wa Gombe na Mahale ana shida kubwa zaidi, maana kiangazi ndio msimu wake. Huyo afanye mwezi wa pili chini ya paa la mabati, na avumilie resini kukauka polepole.

Pwani wanalaza chombo mchangani na kusubiri maji kupwa. Ziwa letu halipwi wala halijai, kwa hiyo boti lazima ivutwe: kwenye chelezo ukipata nafasi, au ufukweni juu ya magogo, na kitanda cha mbao kilichochongwa kwa umbo la tumbo lake. Ilaze sawa kwa kipimo cha maji, maana vipimo vyote vya mlalo vitaanzia hapo.

Kutoa za zamani

Fyonza dizeli, oili na maji kwenye madumu, usiviache vishukie ngamani (chini kabisa ndani ya boti); vikifika ziwani umekosea watu wote wanaokunywa maji hayo. Piga picha kila waya na kila bomba kabla ya kukata, na uandike kwa kalamu ya rangi. Toa gia boksi kwanza, kisha alteneta, kipoza joto na bomba la moshi, ili injini ipungue urefu na uzito.

Kwa kunyanyua, lori lenye winchi ndilo bora. Bila hilo, miguu mitatu ya mabomba ya chuma na cheni bloku ya tani 2 inatosha kwa injini ya tani moja na kidogo, mradi miguu imesimama juu ya ardhi, siyo juu ya staha. Funga kwenye masikio ya injini. Mtu asipite chini hata kwa sekunde. Injini za zamani usizitupe: ukimpata mwenye aina hiyo hiyo, vipuri vyake vitalipa sehemu ya resini.

Chumba kikiwa tupu

Huu ndio wakati pekee utakaouona utumbo wote wa boti. Osha ngama kwa sabuni ya mafuta, kausha, paka rangi nyeupe ili tone lolote la oili lionekane siku zijazo. Fungua matangi, ondoa tope. Badilisha vali zote zinazoingiza maji kutoka nje, hata zinazoonekana nzima. Tikisa shafti kwa mkono: ikicheza ndani ya beringi yake ya mpira, beringi ibadilishwe sasa.

Vuta uzi mwembamba wa chuma katikati ya bomba la shafti kutoka nje hadi mbele ya chumba. Uzi huo unakuonyesha kitovu cha gia boksi kinapotakiwa kukaa. Tengeneza kiolezo cha plaiwudi chenye umbo la injini kwa pembeni, kishushe juu ya boriti, uone wapi pa kuongeza na wapi pa kupunguza. Kwenye sehemu za maunti, weka vipande vya chuma kinene juu ya boriti ili bolti zisiume faibaglasi moja kwa moja, na kila tundu lizibwe kwa resini kabla ya bolti kuingia.

Kuweka kwenye mstari

Shusha injini, ikae juu ya maunti zilizorekebishwa katikati ya urefu wake, na uipange kwa macho tu. Mpangilio wa kweli haufanyiki juu ya magogo. Bodi ya faibaglasi hubadilika umbo kidogo inaporudi majini, kwa hiyo rudisha boti ziwani, jaza matangi nusu, na uiache ikae siku moja au mbili.

Kisha fundi analala kifudifudi kati ya injini mbili, taa ya kichwani imewaka, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia uwazi) mkononi. Kwanza anainua ncha ya shafti kidogo, kwa kuwa sehemu iliyo nje ya beringi huinama kwa uzito wake. Anasogeza nusu mbili za kapulingi (kiungo cha shafti na gia boksi) zigusane bila kuzifunga. Zikiingiliana kwa mkono bila kulazimishwa, kitovu kiko sawa. Sasa anapitisha fila geji juu, chini, kulia na kushoto.

"Juu inapita kumi," anasema.

Kijana wake anaandika 0.10.

"Chini inapita ishirini na tano."

0.25. Tofauti ni milimita 0.15. Kipimo kinachokubalika ni milimita 0.1 kwa kapulingi yenye kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo haijafika. Uwazi ukiwa mkubwa chini, mbele ya injini imekaa juu mno. Maunti za mbele zinateremshwa, robo mzunguko wa nati kwa mara moja, pande zote mbili sawa, na kipimo kinarudiwa. Kila nati inayoguswa inabadilisha na vipimo vya kulia na kushoto. Ni kazi ya nusu siku kwa kila injini, na fundi anayekwambia amemaliza kwa nusu saa hajamaliza.

Kabla ya kufunga, zungusha shafti nusu mzunguko bila kuzungusha upande wa gia, upime tena. Uwazi ukibaki chini pale pale, tatizo ni mpangilio. Ukihama na shafti, shafti au kapulingi imepinda, na hakuna nati ya maunti itakayoponya hilo. Ipeleke kwenye karakana ya kuchonga vyuma.

Maji, moshi, na vinavyobaki

Maji ya ziwa yanayopoza injini huchanganyika na moshi na kutoka nyuma. Mahali yanapoingia kwenye bomba la moshi pawe angalau sentimita 30 juu ya usawa wa maji ya nje, bomba literemke moja kwa moja bila tumbo la kushika maji, na unene wake usiwe chini ya ule ambao mtengeneza injini ameandika. Bomba jembamba linarudisha moshi kwenye turbo. Weka kifuniko cha mpira kwenye tundu la nje, kwani kusi likivuma na boti imeupa upepo mgongo, mawimbi husukuma maji ndani.

Maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH karibu 9, na yana madini mengi kuliko ya Victoria. Hayali chuma kama chumvi ya bahari, lakini yanajenga ukoko kwenye kipoza joto. Kisafishe mara kwa mara, usingoje geji ipande. Vile vyuma vya kafara vilivyofungwa chini ili viliwe badala ya shafti na propela, vya zinki ni vya baharini. Kwa maji yasiyo ya chumvi weka vya magnesiamu.

Dizeli ipite filta mbili, ya kwanza yenye kikombe cha kutenganisha maji, na ile inayozidi irudi tangini kwa mrija wake. Umeme: hakikisha injini, stata na betri vyote ni volti 12 au vyote 24. Hewa isisahaulike: sentimita za mraba 2 za uwazi kwa kila hospawa, yaani 680 kwa injini zetu mbili. Boti nyingi za zamani zina nusu ya hiyo.

Kuwasha na kupima

Injini mpya haiwaki kwa mzunguko wa kwanza, kwani hewa bado iko kwenye mirija ya dizeli. Kila unapozungusha stata bila kuwaka, pampu inaendelea kujaza maji kwenye bomba la moshi, na yakizidi yanarudi kwenye silinda. Funga vali ya maji unapotoa hewa. Ifungue mara tu injini inaposhika. Angalia maji yakitoka nyuma ndani ya nusu dakika, la sivyo zima.

Acha zipate joto boti ikiwa imefungwa gatini, weka gia mbele na nyuma, pita kwa tochi kutafuta uvujaji. Stafingi ya shafti (kizibo mahali shafti inapotoka nje ya bodi) idondoshe matone mawili matatu kwa dakika inapozunguka. Kavu kabisa itaungua. Kisha toka, ukiwa na boti ya pili ya kukuvuta.

Kipimo kinachotawala vyote ni hiki: boti imepakiwa kama siku ya kazi, kanyaga hadi mwisho, injini ifike mizunguko iliyoandikwa na kiwanda au izidi kidogo. Kwa injini ya 2,600, ikiishia 2,350 na moshi mweusi, propela ni nzito, ipunguzwe pichi. Usikubali maneno ya "sisi hatukanyagi hivyo". Injini iliyozidiwa na propela inaungua hata kwa mwendo wa kawaida, na hiyo ndiyo sababu ya injini nyingi mpya kufa mapema. Ikipita 2,600 kwa mbali, propela ni nyepesi, unapoteza mwendo.

Baada ya saa kama 50, au kama kitabu cha injini kinavyosema, mwaga oili ya kwanza, badilisha filta, kaza bolti za maunti, na fungua kapulingi upime mstari upya, maana mpira wa maunti umekwisha kukaa. Kwa safari ya Mahale beba impela mbili za pampu ya maji, mikanda, filta za dizeli za kubadilisha mara mbili, mrija wa kutosha wa dizeli, klampu, na spana inayoingia kwenye nati ya kutolea hewa, iliyofungwa kwa kamba karibu na injini yenyewe.